Kusaka santuri za injili kwenye Barabara ya 127: kutoka Covington hadi Gadsden

Jumatano, Covington, Kentucky

Gulio la Barabara ya 127, soko la vitu vikuukuu linalotandazwa kando ya barabara nchini Marekani, hufunguliwa rasmi Alhamisi ya kwanza ya Agosti na kufungwa Jumapili, lakini wauzaji wengi huwa wameshatandika meza tangu Jumatano mchana. Lilianza mwaka 1987 huko Jamestown, Tennessee. Leo linaanzia Addison, Michigan, na kuishia Gadsden, Alabama: maili 690, kama kilomita 1,110, ndani ya majimbo sita. Kwa anayetafuta santuri za Kikristo zile za ajabuajabu, mnofu uko nusu ya kusini. Huku kanisa dogo la mashambani lilikuwa na kwateti yake, yaani kundi la waimbaji wanne, kwateti ilikuwa na santuri yake, na santuri iliuzwa mezani baada ya ibada. Zilitolewa nakala mia chache, pengine elfu moja, na nyingi hazikuwahi kutoka nje ya wilaya mbili tatu.

Mzigo wa kuondoka nao si mkubwa. Tochi ndogo yenye mwanga mkali, lenzi ya kukuza mara 10, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, glavu za mpira, barakoa ya kuzuia vumbi la ukungu, na gramafoni ya betri yenye kasi za mizunguko 33, 45 na 78 kwa dakika. Ukiipata ya zamani yenye kasi nne, usiiache, kwa sababu usomaji wa Biblia na mahubiri marefu vilirekodiwa kwa 16⅔. Beba pia bahasha mpya za ndani 100, mifuko ya polipropilini ya kava 50, na maboksi magumu yenye upana wa ndani wa sentimita 33. Fedha iwe noti za dola 1 na 5. Mwenye meza ya uani hana chenji ya noti ya 50 saa moja asubuhi.

Boksi moja lisizidi santuri 60 za inchi 12. Zikiwa na kava zake hizo ni kilo 15 hivi, na zaidi ya hapo kitako cha boksi kinaachia. Santuri husimama wima, zimebanana kiasi, na nafasi inayobaki hujazwa kadibodi. Zikilala bapa au zikiegemea upande kwa siku nne barabarani zitapinda.

Jambo linaloharibu safari hii kuliko mengine yote ni joto. Plastiki ya santuri huanza kulegea karibu nyuzi 60 za selsiasi, na gari lililofungwa juani mwezi wa Agosti linaweza kufika hapo. Maboksi yakae sakafuni nyuma ya viti vya mbele, chini ya shuka jeupe. Buti haifai. Na unaposimama kula, gari liende kivulini kwanza, tumbo baadaye.

Alhamisi, Frankfort, Danville, Liberty

Asubuhi ni ya kupekua haraka. Kwenye kreti ya santuri 80 za dini, 70 hivi ni zile zile ambazo kila nyumba ilikuwa nazo: Tennessee Ernie Ford, George Beverly Shea, Kwaya ya Tabernakulo ya Wamormoni, Jim Reeves akiimba tenzi. Ni muziki mzuri, ila ziliuzwa kwa wingi kupita kiasi na hazina mtafutaji. Zipitie kwa vidole bila kuzitoa. Simama pale kava linapoonyesha picha ya rangi iliyofifia, watu wanne wenye suti zinazofanana mbele ya basi, na jina la lebo, yaani kampuni iliyoitoa, ambalo hulijui.

Hapo toa santuri, ishike kwa kingo, na ulaze tochi pembeni ili mwanga upite juu ya mifereji. Usianze na lebo, ile karatasi ya katikati. Anza na ule ukanda laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo, kwa sababu namba zilizochongwa pale zinakueleza nani aliitengeneza, na mara nyingi lini.

Ng'ambo ya mto kutoka Covington, mjini Cincinnati, ndiko kiwanda cha Rite kilikofyatulia santuri za makanisa na vikundi vidogo kwa miaka mingi. Santuri ya Rite ina namba mbili zinazofuatana, moja kila upande, na mara nyingi herufi CP zikifuatiwa na tarakimu. CP ni namba ya mteja. Namba zinazofuatana zilipanda kadiri miaka ilivyokwenda, kwa hiyo ukishakuwa na santuri kadhaa zenye tarehe ya uhakika, nyingine unaziweka katikati yake. Ndiyo maana hata santuri mbovu ya Rite yenye tarehe kwenye kava inafaa kununuliwa: ni kipimo cha kupimia nyingine.

Kazi za wateja zilizofanywa na RCA, kampuni kubwa ya santuri, ni rahisi zaidi. Herufi ya kwanza ya namba ni mwaka: J ni 1958, K 1959, L 1960, M 1961, N 1962, P 1963, R 1964, S 1965, T 1966, U 1967, W 1968, X 1969. Herufi I, O, Q na V ziliachwa ili zisichanganywe na nyingine. Ukiona alama ya I iliyogongwa peke yake, santuri ilifyatuliwa Indianapolis. R ni Rockaway, H ni Hollywood. Kumbuka kwamba mwaka huo ni wa kuandaa bamba la kufyatulia. Kundi linaweza kuwa lilirudi kuagiza nakala nyingine miaka mitatu baadaye kwa namba ile ile.

Ukanda ukikaa kimya, geuza kava usome anwani. Mji ukifuatiwa na tarakimu moja au mbili kabla ya jina la jimbo, kama vile "Nashville 3, Tenn.", kava ni la kati ya 1943 na 1963. Namba ya posta ya tarakimu tano ilianza Julai 1963. Herufi P ndani ya duara ni ya kuanzia 1972, mwaka ambao sheria ya Marekani ilianza kulinda rekodi za sauti kitaifa. Neno STEREO linakuambia si kabla ya 1958, lakini kutokuwepo kwake hakusemi lolote, maana makanisa madogo yaliendelea na mono, sauti ya mkondo mmoja, kwa miaka mingi kwa ajili ya gharama.

Halafu kagua santuri yenyewe. Mkwaruzo unaoonekana bila kushika ukucha mara nyingi hausikiki. Unaoshika ukucha utagonga kila mzunguko. Tazama tundu la katikati: kazi za bei nafuu zina tundu lililotobolewa kando kidogo, na hapo sauti inayumba, kinanda kikisikika kama kimelewa. Hilo halitibiki. Hakikisha pia kwamba santuri iliyomo ni ya kava hilo. Kwenye kreti za makanisa kubadilishana ni jambo la kawaida sana, na mwenye meza hatarudisha fedha.

Saini za waimbaji nyuma ya kava zisikupandishe bei. Walisaini karibu kila nakala waliyouza.

Ijumaa, Russell Springs hadi Crossville

Kati ya Liberty na Russell Springs saa inarudi nyuma, kutoka saa za Mashariki kwenda za Kati. Anayekwenda kusini anapata saa moja ya bure, na itumike hapa, kwa sababu kipande cha Jamestown hadi Crossville kina meza nyingi na msongamano wa magari unaoweza kukaa bila kusogea. Egesha nje ya barabara kabisa, tembea kwa miguu, beba begi la bega linaloingiza santuri 15.

Leo ni siku ya kuchagua, na hapa watu hawakubaliani. Wako wanaonunua kava tu: kadiri linavyochekesha ndivyo bora. Kava maarufu la aina hiyo ni la Louvin Brothers la mwaka 1959, ndugu wawili wenye suti nyeupe mbele ya shetani wa mbao na moto wa matairi uliowashwa kwa mafuta ya taa. Ni picha nzuri, lakini lilitolewa na kampuni kubwa na limechapishwa tena mara nyingi, kwa hiyo nakala unayoiona mezani inaweza kuwa ya juzi. Anayenunua kava peke yake huishia na rafu ya vichekesho asivyovisikiliza.

Bora kusoma nyuma. Orodha ya vyombo ndiyo inayosema. Msumeno wa kupigwa kwa upinde, kengele za mkono, tromboni, ogani ya umeme yenye ngoma za mashine, gitaa la umeme lililotajwa kwa jina la mpigaji: hivyo vyote ni sababu ya kutoa dola. Tazama pia nani aliandika nyimbo. Tenzi kumi za kawaida ni tenzi kumi za kawaida. Lakini nyimbo sita zikiwa zimetungwa na mwimbaji mwenyewe, kati ya 1968 na 1976, na kuna mpiga ngoma, nunua bila kusikiliza. Vijana wa vuguvugu la Yesu, uamsho wa Kikristo wa vijana wa miaka hiyo, walirekodi hivyo, kwa fedha zao, na wengi hawakurudi studio.

Kuna kundi la santuri za watoto zenye mwanasesere anayeongea. Marcy Tigner, aliyeanza kama mpiga tromboni, aliimba kwa sauti ya mtoto kana kwamba ni ya mwanasesere aitwaye Little Marcy, na zikatoka santuri nyingi. Zinapatikana, ila karibu zote zimepita mikononi mwa watoto: peremende, kalamu za rangi, sindano iliyoburutwa. Subiri nakala safi, ipo. Kundi jingine ni la ushuhuda, kama Merrill Womach, aliyeungua uso katika ajali ya ndege mwaka 1961 kisha akaendelea kuimba na kuweka sura yake ilivyobaki kwenye makava. Watu huzinunua kwa mshtuko. Sauti yake ilikuwa kubwa kweli, na ndiyo inayozifanya zidumu kwenye rafu.

Mahubiri na maigizo nayo yasipuuzwe. Kampuni ya Word ya Waco, Texas, iliyoanzishwa mwaka 1951, ilianza na rekodi ya Jarrell McCracken akitangaza kama redioni mechi ya kubuni ya mpira wa Kimarekani kati ya wema na uovu. Biashara nzima ya kampuni hiyo ilichomoza kwenye mchezo huo.

Maboksi ya wamisionari waliostaafu huwa chini ya meza, kwa kuwa mwenye mali haoni nani atayataka. Ndani unaweza kukuta santuri ndogo za Gospel Recordings, shirika aliloanzisha Joy Ridderhof mjini Los Angeles mwaka 1939 ili ujumbe wa injili urekodiwe kwa lugha nyingi iwezekanavyo. Lebo hutaja lugha na namba. Tafuta pia kipande cha kadibodi kilichokunjwa chenye sindano: ndiyo CardTalk, gramafoni isiyo na mota. Unakunja, unaweka santuri, unaizungusha kwa kijiti au penseli, na kadibodi yenyewe inatoa sauti. Kasi ni ya mkono wako. Kagua mikunjo, kwa sababu ikishachanika mtetemo haufiki na sauti inapotea. Usiijaribu na santuri unayoitunza, sindano yake inachimba.

Jumamosi, Bonde la Sequatchie na Chattanooga

Leo ni zamu ya karatasi za kanisani, kama vitabu vya nyimbo na trakti. Zinataka mikono mikavu na haraka kidogo, kwa hiyo acha santuri mpaka mchana. Pikeville na Dunlap meza za asubuhi zina unyevu wa umande, na karatasi iliyolala nje usiku kucha huwa imeshaanza kujikunja.

Vitabu vya nyimbo vya makongamano ndivyo vingi kuliko vyote. Ni vyembamba, vya jalada la karatasi, vyenye noti za maumbo saba: kila hatua kutoka do hadi ti ina umbo lake. Wachapishaji walitoa vipya kila mwaka ili waimbaji wasikae na vya zamani, na hapo ndipo wingi ulipotokea. James D. Vaughan alikuwa Lawrenceburg, Tennessee, Stamps-Baxter makao yake yalikuwa Dallas, na tawi Chattanooga, R. E. Winsett alikuwa Dayton, upande wa pili wa mlima kutoka hapa, A. J. Showalter alikuwa Dalton, Georgia. Kitabu chenye anwani ya Chattanooga kikipatikana hapa huenda kimekaa kwao miaka yote. Angalia pini za chuma za mgongoni. Zikishika kutu zinakula karatasi kuzunguka tundu, na kurasa za katikati hudondoka zote kwa pamoja. Hesabu kurasa kabla ya kulipa, hasa namba za mwisho kwenye faharasa.

Mapepeo ya kanisani hufaa kutazamwa kwa karibu. Chukua moja la kawaida: kadi ngumu yenye kimo cha sentimita 25 hivi, kingo za mviringo, mpini wa mbao bapa uliobanwa kwa pini mbili. Mbele kuna Kristo wa Warner Sallman, mchoraji wa Chicago, picha ya 1940 iliyochapishwa mamia ya mamilioni ya nakala. Nyuma kuna tangazo la nyumba ya mazishi. Nyuma ndiko kwenye habari zote: jina, mji, ambulansi mchana na usiku (nyumba za mazishi ziliendesha ambulansi), na simu yenye tarakimu nne tu. Tarakimu nne kwenye mji mdogo huashiria zama za kabla ya simu za kupiga moja kwa moja mbali. Mapepeo yenye Martin Luther King na ndugu wawili wa Kennedy ni ya kuanzia 1968 na hutafutwa zaidi. Pini zenye kutu usizing'oe barabarani. Ukizing'oa mpini unatoka na ngozi ya kadi.

Pini za mahudhurio ya shule ya Jumapili, za msalaba na taji, husomwa kama kalenda. Pini ya kwanza, kisha shada la kuizunguka, kisha kipande kimoja chini kwa kila mwaka uliofuata. Mnyororo mrefu ni nadra, na nadra huvutia wajanja: hakikisha vipande vina rangi na uchakavu unaolingana, kwa kuwa wapo wanaounga vya watu watatu vikawa vya mmoja.

Trakti za Jack Chick, vitabu vidogo vya katuni vya kuhubiri, zinauzwa kwa kiganja. Nyuma kuna nafasi ya muhuri wa kanisa. Wengi hutaka zisizo na muhuri. Lakini trakti yenye muhuri wa kanisa la njia panda huko Tennessee inakueleza ilikopita, na hiyo safi haisemi kitu.

Harufu ya ukungu ikikupiga, vaa barakoa na utie kitu hicho kwenye mfuko wake peke yake. Usikichanganye na vingine hata kwa saa moja. Karatasi zote zisimame kati ya kadibodi mbili, bila gundi ya utepe, bila raba bendi. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu ya pazia jipya la bafu, isiguse chochote.

Chattanooga iko saa za Mashariki. Ile saa uliyopewa jana inachukuliwa leo.

Jumapili, Mlima Lookout hadi Gadsden

Asubuhi meza nyingi hazina mtu, wenyewe wako kanisani. Kuanzia saa saba mchana wanarudi, na hapo bei hulegea kwa sababu hakuna anayetaka kubeba mizigo kurudi ndani. Usiulize bei ya moja. Kusanya kumi, taja bei ya kumi. Boksi zima likitajiwa bei, uliza linahesabiwaje kabla ya kukubali, maana santuri 60 ambazo 55 hutaki ni kilo 13 za bure kwenye gari.

Ng'ambo ya bonde la Fort Payne uko Mlima Sand, ngome ya Sacred Harp, uimbaji wa noti za maumbo manne: pembetatu ni fa, duara sol, mraba la, almasi mi. Kitabu chake kilitoka kwanza mwaka 1844. Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, alirekodi huko Fyffe mwaka 1959. Santuri za makongamano yenyewe, zilizotengenezwa na waimbaji kwa ajili yao, ndizo za kuulizia kwa majina. Kitabu chake kikubwa ni chepesi kupatikana; angalia kama mmiliki ameandika tarehe na majina ya walioongoza nyimbo pembeni mwa kurasa. Maandishi hayo usiyafute.

Santuri ndogo za 45 za injili ya Weusi zinastahili subira kuliko kitu kingine chochote safarini. Vikundi vilirekodi kwa lebo zilizodumu matoleo mawili matatu, na upande wa pili mara nyingi ndio wenye wimbo wa harakati za haki za kiraia. Mwaka 2005 Robert Darden wa Chuo Kikuu cha Baylor aliandika kuhusu jinsi rekodi hizo zinavyopotea, na chuo hicho kikaanza kuzikusanya na kuzinakili kidijiti. Kwa hiyo hata yenye mikwaruzo ya kutisha isitupwe. Huenda hakuna nyingine.

Tambua plastiki yake. Ya vinili inapinda kidogo na kutoa mlio wa chini ukiigonga kwa ukucha. Ya stairini ni nyepesi, ngumu, inalia kwa sauti ya juu, na lebo yake imebandikwa kwa gundi au kuchapwa juu. Stairini inachakaa haraka: inaweza kung'aa na bado ikatoa mvumo wa mchanga kwa sababu sindano nzito ilishaila mifereji. Hiyo ndiyo ya kujaribiwa kwenye gramafoni ya betri kabla ya kulipa.

Jumatatu, kuosha na kuandika

Tenga kwa aina kwanza. Vinili huoshwa kwa maji yaliyokenekwa lita 1 na matone matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Spiriti ya isopropili unaweza kuongeza hadi robo ya mchanganyiko. Pangusa kufuata mifereji, suuza kwa maji matupu yaliyokenekwa, lebo ikae kavu, kisha isimame kwenye kichanja nusu saa. Stairini ioshwe bila spiriti. Sheleki, zile nzito za 78 zinazovunjika, isiguswe na spiriti hata tone: inayeyuka. Ikaushe mara moja.

Santuri za kukatwa mojamoja, zenye bamba la alumini linaloonekana ukingoni au ndani ya tundu, zina ngozi ya laka. Utando mweupe wa mafuta ni dalili kwamba laka inaachia, na ikianza kupasuka hairudi. Vipindi vya redio vya wahubiri viko humo. Usiipige kujaribu. Mpe anayejua kunakili, mara moja, kwa sindano sahihi.

Sindano pia hutofautiana: 78 zinataka ncha ya mikroni 75 hivi, mono za inchi 12 mikroni 25, stereo 18. Ukipiga 78 kwa ncha ya stereo inasugua chini kabisa ya mfereji, mahali penye uchafu wote. Santuri za karatasi ya plastiki laini zilizokuja ndani ya magazeti ya misheni huteleza. Weka sarafu moja karibu na lebo, na ziwekwe juu ya santuri bapa ili zisitikisike.

Santuri iliyopinda kidogo hulala kati ya vioo viwili bapa kwa wiki kadhaa, ndani ya chumba cha kawaida. Oveni hunyoosha kingo na kuharibu mifereji kwa wakati mmoja.

Halafu andika, kabla hujasahau ipi ilitoka wapi: jina la kundi kama lilivyochapwa, namba za pande zote mbili za ukanda laini, anwani ya nyuma, majina ya wapigaji, mji uliponunua, na kilichokuwa ndani ya kava pamoja na santuri. Programu ya mazishi, risiti ya sadaka, picha ya basi: vyote virudi kwenye kava lile lile, ndani ya bahasha yao isiyo na asidi, nyuma ya santuri wala si kuigusa.